Uchafu, Doa na Uharibifu: Kuosha Mazulia Katika Mitaa ya Eastlands

Zulia linalofika kwa mwoshaji huwa na matatizo ya aina tatu, na mara nyingi yote matatu yamelala mahali pamoja. Kuna uchafu, yaani vitu vilivyoshikamana na nyuzi kwa nje: vumbi, matope, mafuta, masizi, makombo. Kuna doa, yaani rangi ngeni iliyopenya ndani ya uzi. Halafu kuna uharibifu: uzi umeyeyuka, rangi ya asili imetoka, gundi ya mgongo imeoza. Uchafu huondoka kwa kuoshwa. Doa huenda likaondoka, likafifia au likakataa kabisa. Uharibifu hauondolewi na sabuni yoyote, na kila juhudi ya kuusugua huuzidisha. Ugumu ni kwamba zulia likichafuka sana, matatu haya huonekana kama kitu kimoja cheusi, na mwenye zulia huamini kwamba chote ni uchafu. Ugomvi mwingi wa siku ya kuchukua mzigo huanzia hapo.

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole, Donholm, Pipeline na Utawala, kazi hii hufanyika zaidi katika viwanja vya kuoshea magari, kwenye vibanda vya kando ya barabara na juu ya mapaa ya ploti. Vifaa ni mashine ya presha, brashi za mkono, ndoo, sabuni ya maji na kamba za kuanikia. Wachache wana mashine ya kuzungusha inayokamua maji. Mazulia nayo hufuata nyumba. Katika nyumba za Buruburu, mtaa ulioanza kujengwa mwaka 1973, bado hukutwa mazulia ya ukuta kwa ukuta ambayo hayang'oki bila kuraruka, na hayo huoshwa palepale sebuleni. Kwenye ghorofa mpya zenye sakafu ya vigae, zulia ni la kutandika, la futi 5 kwa 8 au 7 kwa 10, mara nyingi la manyoya marefu, na hushushwa ngazi likiwa limeviringishwa begani.

Kabla ya maji kuligusa, mwoshaji anahitaji kujua zulia limetengenezwa kwa nini. Mengi yanayouzwa Nairobi kwa bei ya kawaida ni ya polipropilini au poliesta, yaani plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Sehemu kubwa ya mazulia ya mashine duniani hutoka Uturuki, hasa katika viwanda vya Gaziantep. Nailoni ipo kidogo. Sufu halisi ni adimu, nayo hujitokeza zaidi katika mazulia ya zamani yaliyorithiwa au kununuliwa mitumba. Kibandiko cha maelezo huwa kimekatwa zamani, kwa hiyo jibu hutafutwa kwa moto na maji. Uzi mmoja hung'olewa ukingoni, mahali pasipoonekana, ukashikwa kwa koleo mbali na zulia na kuwashwa. Sufu huungua polepole, hutoa harufu ya nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni. Pamba na juti hutoa harufu ya karatasi. Polipropilini hujikunja, huyeyuka, hunuka nta na kuacha shanga ngumu. Anayesita kuwasha moto anaweza kutumbukiza uzi kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni: polipropilini huelea, kwa kuwa lita moja ya plastiki hiyo ina uzito wa gramu 900 na kitu, ilhali poliesta, nailoni na sufu huzama.

Jaribio hilo la dakika moja huamua karibu kila kitu kinachofuata. Polipropilini hainywi maji, kwa hiyo chai au soda haipenyi ndani ya uzi wake. Pia rangi yake huchanganywa na plastiki ingali imeyeyuka, hivyo hata dawa ya klorini kwa kawaida haiitoi. Udhaifu wake ni mafuta. Plastiki hii na mafuta ni jamaa kikemikali, na mafuta ya kupikia, jasho la miguu au losheni yakikaa miezi huwa vigumu kutenganishwa nayo. Sufu ni kinyume chake: inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla haijahisiwa kuwa mbichi, hupokea rangi kwa urahisi, na huharibiwa na sabuni kali. Klorini haing'arishi sufu, huiyeyusha. Nailoni nayo hupokea rangi za vinywaji na vyakula kwa hamu ile ile inayopokea rangi za kiwandani.

Mgongo wa zulia unastahili uangalifu kuliko uso wake, ingawa hakuna mteja anayeuulizia. Katika mazulia mengi manyoya hupachikwa kwenye kitambaa cha plastiki, kisha hushikizwa kwa gundi ya lateksi iliyochanganywa na unga wa chokaa, na chini yake hubandikwa kitambaa cha pili, mara nyingi cha juti, uzi ule ule wa magunia. Lateksi huzeeka. Ikizeeka hukauka, hupasuka na kugeuka unga mweupe kama mchanga mwembamba unaomwagika zulia linapokunjwa. Zulia la namna hiyo likipigwa maji ya presha hutengana tabaka mbili, huvimba mapovu makubwa, na manyoya huanza kung'oka kwa mafungu. Juti nayo ina tabia mbili mbaya: ikilowa huvimba na kuvuta zulia likapungua upana au urefu, na ikikaa na maji kwa muda, hasa yenye sabuni ya alkali, hutoa rangi ya kahawia ambayo hupanda hadi kwenye ncha za manyoya. Zulia jeupe lililokuja na vumbi hurudi kwa mwenyewe likiwa na mawingu ya rangi ya chai.

Uchafu wenyewe, katika upande huu wa jiji, una sura yake. Magharibi ya Nairobi iko juu ya udongo mwekundu wenye rutuba. Mashariki, kuelekea tambarare za Embakasi na Athi, ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wajenzi hulazimika kuuchimba wote na kuutupa kabla ya kuweka msingi. Huvimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Chanzo cha tabia hiyo ni madini ya jamii ya smektiti, ambayo chembe zake ni vibamba vyembamba vyenye upana usiofika sehemu mbili kwa elfu za milimita. Maji huingia kati ya vibamba hivyo na kuvitenganisha. Gramu moja ya madini haya, ikihesabiwa nyuso zote za vibamba vyake, inaweza kuwa na eneo la mamia ya mita za mraba, na eneo lote hilo ni la kushikia: maji, mafuta, harufu, rangi.

Kwa mwosha zulia maana yake ni moja: udongo huu ukiwa mkavu ni vumbi tu, ukilowa ni gundi. Chembe zilizolala katikati ya manyoya zinaweza kutikiswa, kupigwa fimbo upande wa mgongo au kuvutwa kwa mashine ya vumbi zikiwa kavu. Zikimwagiwa maji kwanza, huvimba, hushikana na kuteremka hadi kwenye shina la manyoya, mahali ambapo brashi haifiki. Ndiyo sababu waoshaji wazoefu hulitundika zulia kwenye ukuta au chuma na kulipiga kwa muda mrefu kabla ya kufungua mfereji. Kazi hiyo haionekani kuwa ya kitaalamu hata kidogo, na mteja mwenye haraka huiona kama kupoteza wakati, lakini sehemu kubwa ya uzito wa uchafu wa zulia lolote ni chembe kavu zisizoyeyuka, na hakuna sabuni inayoweza kuyeyusha mchanga. Chembe hizo zikiachwa huendelea kukata nyuzi kila mtu anapokanyaga. Weusi unaobaki kwenye njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, hata baada ya kuoshwa mara mbili, kwa kawaida ni nyuzi zilizochubuliwa zisizorudisha mwanga sawasawa.

Marramu inayomwagwa kwenye barabara za ndani ya mitaa huleta tatizo tofauti. Wekundu wake ni oksidi ya chuma, yaani kutu. Sabuni huondoa chembe lakini huacha kivuli cha machungwa, na klorini haina la kufanya, kwa kuwa kutu tayari imeshaoksidika na dawa ya kuoksidisha haiwezi kuiongezea kitu. Kinachofanya kazi ni asidi zinazoshika chuma na kukitoa kwenye uzi, kama asidi ya sitriki, au asidi ya oksaliki iliyo kali na yenye sumu zaidi, ikifuatwa na maji mengi. Masizi ya jiko, ya koroboi na ya moshi wa taka zinazochomwa kandokando ya dampo la Dandora nayo hayataki maji mwanzoni. Ni chembe za kaboni zilizopakwa mafuta. Brashi yenye maji huzisambaza kama wino, ilhali kivuta vumbi huziondoa nyingi bila kuzigusa.

Jambo linalowasumbua waoshaji kuliko yote, na ambalo wateja hulitafsiri kama uvivu, ni doa linalorudi. Zulia huonekana safi likiwa bichi. Siku mbili baadaye, likiwa limekauka na kutandikwa, doa la zamani limejichora upya mahali pale pale. Hakuna aliyemwaga kitu. Zulia linapokauka, maji huvukizwa kwenye ncha za manyoya, na maji ya chini hupanda kujaza nafasi hiyo kupitia vinjia vyembamba kati ya nyuzi, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Yanapopanda hubeba kila kilichoyeyuka huko chini: sukari ya soda, rangi ya chai, chumvi ya mkojo, mabaki ya sabuni. Juu kabisa maji huondoka na mzigo hubaki. Kadiri zulia lilivyoloweshwa zaidi na kadiri linavyokauka polepole, ndivyo mzigo unavyokuwa mkubwa. Kwa hiyo dawa ya doa linalorudi si kuosha kwa nguvu zaidi. Ni kusuuza hadi chini, kukamua vizuri, kukausha haraka, na pale inapowezekana kulianika zulia uso ukiwa chini ili mzigo uishie mgongoni. Taulo nyeupe iliyokandamizwa juu ya mahali penye doa usiku kucha hufanya kazi hiyo hiyo kwa eneo dogo, kwa sababu uvukizaji huhamia kwenye taulo.

Madoa ya sebuleni hayawezi kuorodheshwa yote, lakini machache yanatosha kuonyesha kwa nini dawa moja haitoshi. Chai ya Kenya huchemshwa pamoja na maziwa na sukari, hivyo tone lake moja lina vitu vinne vinavyodai matibabu tofauti: tanini ya majani, protini, mafuta na sukari. Maji ya moto huigandisha protini kwenye uzi. Sabuni kali ya alkali huikoza tanini ikawa kahawia zaidi. Sukari ikibaki hugeuka nata na kunasa vumbi, kisha watu husema zulia limechafuka upya wiki moja tu baada ya kuoshwa. Njia ya busara ni maji baridi na sabuni laini kwanza kwa ajili ya maziwa, halafu siki iliyopunguzwa makali kwa ajili ya tanini. Manjano ya mchuzi ni ya ajabu zaidi. Rangi yake, kakumini, hubadilika kuwa nyekundu ya damu mara tu inapoguswa na sabuni ya kipande, kwa sababu ni kipimo cha alkali kwa asili yake. Mwoshaji asiyejua hudhani ameligeuza doa kuwa la kudumu. Siki huirudisha kuwa ya njano, na jua likiipiga kwa siku chache huififisha lenyewe, kwa kuwa kakumini haistahimili mwanga.

Nta ya mshumaa, kumbukumbu ya usiku wa stima kupotea, hukwanguliwa ikiwa imeganda na mabaki kunyonywa kwa karatasi na pasi ya moto. Hapo ndipo mazulia mengi hupata kovu. Pasi iliyowekwa kwenye alama ya pamba hufikia nyuzi joto 200 hivi za Selsiasi, na polipropilini huyeyuka kati ya 160 na 170. Kinachobaki ni alama ya pasi, ngumu na ing'aayo, ambayo ni uharibifu halisi wala si doa. Kaa la moto lililoruka kutoka kwenye jiko huacha kitundu cha aina hiyo hiyo. Tiba pekee ni kukata ncha zilizoyeyuka kwa mkasi, au kupachika manyoya yaliyonyolewa kwenye kona isiyoonekana.

Mkojo wa watoto na paka ni sura ya peke yake. Ukiwa mpya una asidi kidogo na huondoka kwa urahisi. Ukikaa, bakteria huivunja urea kuwa amonia, na mahali hapo hugeuka alkali inayoweza kubadili rangi za sufu na nailoni. Chumvi zake hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana harufu iliyopotea Januari huibuka tena mvua za Aprili zinapoanza. Asidi ya yuriki nayo karibu haiyeyuki katika maji baridi: lita nzima hubeba miligramu 60 hivi tu. Isitoshe, kinachoonekana juu ni kidogo kuliko kilichopo chini, kwa sababu mkojo husambaa unapoteremka. Doa la upana wa kikombe usoni laweza kuwa la upana wa sahani mgongoni. Kunyunyizia manukato juu ya uso ni kazi bure. Zulia linatakiwa kulowekwa mahali hapo hadi mgongoni, dawa ya vimeng'enya ipewe saa kadhaa za kufanya kazi, kisha lisuuzwe. Kosa la hatari ni kumwaga dawa ya klorini juu ya mkojo wa zamani: klorini na amonia hutoa gesi ya kloramini, inayochoma macho na mapafu. Klorini ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini yenyewe. Katika chumba kidogo cha ghorofa ya tano, dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya baridi, mchanganyiko huo unaweza kumpeleka mtu hospitali.

Mazulia ya mafuriko yanahitaji uamuzi kuliko ufundi. Mvua za masika ya 2024 zilipofurisha Mto Mathare na Mto Ngong mwishoni mwa Aprili, maji yaliyoingia majumbani yalikuwa yamechanganyika na maji taka ya vyoo, mafuta ya gereji na taka za mitaroni. Viwango vya taaluma, kama vile vya taasisi ya Kimarekani ya IICRC, huyaweka maji ya namna hiyo katika daraja la uchafuzi la juu kabisa, na ushauri wa kawaida ni kulitupa zulia la ukuta kwa ukuta pamoja na sponji yake. Zulia la kutandika lenye thamani linaweza kuokolewa kama litafikiwa mapema, kwa kuwa ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Hata hapo mpangilio ni muhimu. Dawa ya kuua vijidudu ikimwagwa juu ya tope hutumika kwenye tope lenyewe na kuisha kabla ya kuwafikia vijidudu. Kwanza tope litolewe, kisha zulia lioshwe kwa sabuni, ndipo dawa ifuate. Familia iliyopoteza kila kitu haipendi kuambiwa kwamba zulia nalo ni la kutupwa, na mwoshaji anayehitaji pesa ya siku hiyo hapendi kulikataa. Lakini zulia nene la manyoya lililokaa siku nne katika maji ya choo, kisha likarudishwa katika chumba wanamotambaa watoto, halifai kupokelewa.

Sehemu ya uharibifu, kusema kweli, huletwa na uoshaji. Mashine ya presha inayotumika kwa magari husukuma maji kwa nguvu inayoweza kuzidi mara 100 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Kwa umbali wa hatua moja hufaa kusuuzia zulia gumu la polipropilini. Kwa umbali wa kiganja hupasua gundi, hufumua pindo na kuyalaza manyoya ya poliesta yasiinuke tena. Sabuni ya maji inayotengenezwa mitaani kwa kuchanganya Ungerol, asidi ya salfoniki, soda kaustiki na chumvi ni nafuu na hutoa povu zuri, ila makali yake hutegemea mkono wa aliyeichanganya. Soda ikizidi, alkali hupanda kiasi cha kuchuna ngozi za vidole vya mwoshaji, na sufu haiistahimili. Povu lenyewe ni mtego. Hupendwa kwa kuwa linaonekana, lakini povu jingi hudai maji mengi ya kusuuzia, na maji ndiyo yaliyo haba.

Nairobi hutegemea zaidi bwawa la Ndakaini lililoko Murang'a, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, na maji yake hugawiwa mitaani kwa zamu. Siku ambazo si za zamu, mwoshaji hununua kwa mitungi ya lita 20 au hutumia kisima. Maji ya visima vya jiji hili hutoka kwenye miamba ya volkano na kwa kawaida yana bikaboneti ya sodiamu na floraidi nyingi. Hayagandishi sabuni kama maji magumu ya pwani, lakini yakikauka huacha chumvi za alkali kwenye nyuzi. Mwoshaji anayelipia kila mtungi hupunguza anachoweza kupunguza, nacho ni kusuuza. Sabuni iliyobaki hukauka ikawa utando wa nata. Baada ya wiki tatu zulia ni jeusi kuliko lilivyokuwa, na mteja huhitimisha kwamba mazulia yakishaoshwa mara moja hayakai safi tena. Anachokiona ni kweli. Sababu ndiyo asiyoijua. Ndoo ya mwisho yenye kikombe cha siki husaidia kuizima alkali, lakini haichukui nafasi ya maji.

Rangi inayotoka ni hasara ambayo hairudi nyuma. Zulia jekundu lenye maua meupe, hasa la sufu au la kusukwa kwa mkono, hupimwa kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji ya sabuni na kukandamizwa juu ya kila rangi kwa dakika chache. Kitambaa kikipata wekundu, zulia hilo halilowekwi. Husafishwa kwa unyevu mdogo, kwa maji baridi yenye asidi kidogo, na hukaushwa likiwa limetandazwa. Likining'inizwa kambani, rangi huteremka pamoja na maji na kuchora michirizi kwenye maua.

Kukausha ndiko kunakotofautisha fundi na mwenye ndoo. Zulia la futi 7 kwa 10 lina eneo la mita za mraba 6.5. Likiwa na kilo mbili na nusu kwa kila mita ya mraba, huwa na kilo 16 likiwa kavu. Likibeba maji mara mbili ya uzito wake, hufika karibu kilo 50, nazo lazima zipandishwe hadi kwenye paa la ghorofa ya saba kwa ngazi za upana wa mtu mmoja. Lita 32 za maji zilizomo haziondoki bure. Kuvukiza lita moja huhitaji nishati ya takriban theluthi mbili za uniti ya umeme, hivyo jua na upepo vinadaiwa sawa na uniti 21. Februari, mbingu zikiwa wazi na hewa kavu, deni hilo hulipwa kwa siku moja au mbili. Julai, wakati jiji limefunikwa mawingu ya baridi na manyunyu hadi adhuhuri, zulia lile lile linaweza kukaa juma zima likinuka uvundo. Mashine ya kuzungusha hubadilisha hesabu yote: ikibakiza lita tano tu, deni hushuka hadi uniti tatu na kitu. Asiye nayo huliviringisha zulia na kulikanyaga, au huyasukuma maji kwa reki ya mpira kutoka upande mmoja hadi mwingine, mara kwa mara, kabla ya kulianika. Feni moja inayopuliza sambamba na uso wa zulia husaidia kuliko jiko la makaa linalowashwa chumbani, ambalo huongeza moshi na hatari ya sumu ya kaboni monoksidi.

Hata jua lenyewe lina kipimo. Nairobi iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na miale ya urujuanimno ni mikali. Polipropilini isiyokingwa kwa kemikali huchakaa chini ya miale hiyo, na rangi za zulia huanza kupauka upande mmoja. Zulia lililosahaulika juu ya paa kwa wiki mbili hupauka kwa mstari ulionyooka, sambamba na kivuli cha tangi la maji.

Kunguni huongeza jukumu jingine. Zulia kutoka nyumba yenye kunguni likirundikwa na mengine usiku, asubuhi tatizo la nyumba moja ni la nyumba kumi. Maji baridi na sabuni haviaminiki kuyamaliza mayai. Joto la zaidi ya nyuzi 50 lililopenya hadi ndani ndilo linaloua, kwa mvuke au kwa maji ya moto pale nyuzi zinapostahimili. Mzigo wa namna hiyo hufungwa kwenye plastiki tangu mlangoni na huoshwa peke yake. Mwoshaji mwenyewe anahitaji gambuti, glavu na barakoa, mambo ambayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ayatoe, ingawa kwa vijana wanaolipwa kwa zulia moja moja kandokando ya barabara mwajiri huwa hajulikani ni nani.

Mwisho wa kazi ni maji machafu. Kanuni za Kenya za ubora wa maji zinakataza kumwaga maji yenye uchafu kwenye mito bila kibali, lakini mtaro wa mvua ulio karibu na kiwanja cha kuoshea huishia Mto Ngong au Mto Nairobi, na kutoka huko hufika Mto Athi. Maji hayo hubeba sabuni, vipande vya nyuzi za plastiki na ule udongo mweusi. Shimo la kutuliza maji huondoa mchanga kwa dakika chache, ila mfinyanzi ni mkaidi: chembe ya upana wa sehemu mbili kwa elfu za milimita huhitaji takriban saa nane kuzama sentimita 10 tu, na zilizo ndogo zaidi hubaki zikielea kwa siku kadhaa. Kuziacha usiku kucha hakutoshi. Shabu kidogo ikikorogwa ndani ya shimo hufuta chaji za umeme zinazozifanya chembe zisukumane. Hushikana mabonge, huzama, na maji ya juu hubaki meupe kiasi cha kuelekezwa kwenye bomba la maji taka badala ya mtaro wa mvua. Tope la chini huchotwa kwa sepetu, hukaushwa na kutupwa pamoja na taka ngumu. Likiachwa hukauka ndani ya mfereji, na mvua inayofuata hulivimbisha hadi likaziba.